Laini ya pili na VPN: vinatosha kumlinda admini wa kundi la mtaa?

karani_wa_wadi

Habari wadau. Kuna kundi la WhatsApp la wakazi wa upande wa Umoja na Kayole, Nairobi, watu 430 hivi, linalofuatilia bajeti ya kaunti: mitaro, taa za barabarani, basari. Sasa tunaandaa ombi rasmi la kupeleka kwa bunge la kaunti. Majina yanakusanywa kwa fomu ya Google (jina, nambari ya kitambulisho, simu, wadi), na michango ya uchapishaji na nauli inaingia kwenye M-Pesa ya admini.

Mambo ya siasa yakipanda joto, admini ndiye wa kwanza kutafutwa. Mpango uliopo ni huu: kununua laini ya pili, kuiweka kwenye simu ileile yenye nafasi mbili, kuhamishia uadmini huko, na kuwasha VPN ya bure (programu inayopitisha intaneti yako kwenye kompyuta za kampuni nyingine) muda wote. Simu ni Android 10 ya mwaka 2020, inafunguliwa kwa alama ya kidole. Bajeti haizidi shilingi elfu tatu, kwa hiyo tusiambiane habari za kununua iPhone. Mpango huu unaziba nini na unaacha nini wazi?

---

fundi_minara

Unaziba kidogo sana. Nianze na laini.

Kadi ya simu ina nambari yake inayoitwa IMSI, na simu yenyewe ina IMEI. Bonyeza *#06# sasa hivi. Kwa simu ya laini mbili utaona nambari mbili za tarakimu 15, na mara nyingi zinatofautiana tarakimu chache tu za mwisho. Simu ikijisajili kwenye mnara, mtandao unazijua zote mbili, IMSI na IMEI. Ukiweka laini mpya kwenye simu ya zamani, umeiandikia mwenyewe: "hii ni ya yule yule". Hata ukinunua kabambe ya pili ukatembea nazo zote mfukoni, zitalala mnara mmoja, zitaamka mnara mmoja na kupanda matatu moja kila asubuhi. Mwenye rekodi za wiki mbili hahitaji akili nyingi kuziunganisha.

Halafu laini yenyewe imesajiliwa kwa kitambulisho. Kanuni za usajili wa laini hazikuacha mwanya hapo. Piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Fanya hivyo hata kama huna mpango wa kununua nyingine, maana watu hukuta humo nambari wasizozijua kabisa.

Sasa VPN. VPN inafanya kazi juu ya laini, haifanyi chini yake. Mzigo ukifunikwa turubai huoni ni viazi au ni simiti, lakini gari unaliona, namba yake unaisoma na stesheni ilikopita unaijua. Mnara hauhitaji kuona data yako ili ujue ulipo. Kwenye LTE (4G) mtandao hupima umbali kati ya simu na mnara kwa hatua za mita 78 hivi, na kwenye GSM ya zamani ni kama mita 550. Pale Tom Mboya Street, penye minara iliyosongamana, hilo linatosha kukuweka kwenye kipande cha mtaa bila kugusa GPS. Rekodi ya simu za kawaida nayo inaonyesha nani alimpigia nani, saa ngapi, kwa muda gani na kupitia mnara upi. Hakuna hata neno moja la mazungumzo humo, na bado ni rahisi kujua nani ni kiongozi: ni yule aliyepigiwa na watu kumi na wanane saa moja kabla ya mkutano.

VPN inachoficha kwa kampuni ya intaneti ni tovuti unazofungua. Bila VPN wanaona jina la tovuti, hawaoni ukurasa. Hilo lina maana yake, ila kwa kutumia ya bure umehamisha imani kutoka kampuni iliyo chini ya sheria za Kenya kwenda kampuni usiyoijua iko wapi wala inakula nini. Kama hutaki kulipa, tumia mpango wa bure wa kampuni inayouza pia VPN ya kulipia, kwa mfano Proton. Baada ya kuisakinisha ingia Mipangilio, sehemu ya mtandao, fungua VPN, bonyeza gurudumu dogo kando ya jina lake, kisha washa vitufe viwili: cha kuiwasha daima, na cha kuzuia miunganisho isiyopitia VPN. Usipowasha hicho cha pili, VPN ikikatika kwa sekunde tano tu programu zako zinatoka uchi.

---

Mwenye_Kioski

Na msije mkanunua laini "iliyo tayari" kwa wale wa mwavuli. Hiyo imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, pengine mama fulani aliyeenda kubadilisha laini akapigwa picha mara mbili. Ikitafutwa, mlango utakaogongwa kwanza ni wake. Nyinyi nao mtakuwa na kosa la jinai ambalo hamkuwa nalo.

---

nyuzi_za_faragha

Fundi amemaliza upande wa mtandao. Mimi naona tatizo kubwa liko kwenye kundi lenyewe.

Katika kundi la kawaida la WhatsApp kila mwanachama anaona nambari za wenzake wote. Watu 430 maana yake nambari 430 ziko mikononi mwa yeyote aliyepata kiungo cha kujiunga. Na hapa kwetu nambari ni jina. Mtu anaanza kutuma shilingi kumi kwa M-Pesa, jina linatokea ili ahakikishe, anaghairi. Hajatumia senti. Truecaller humalizia zilizobaki. Kumwingiza mtu mmoja tu kwenye kundi lenu, akae kimya miezi mitatu, ni kazi nyepesi kuliko kutega mawasiliano ya mtu yeyote. Kufumbwa mwisho hadi mwisho (ujumbe usomeke kwa mtumaji na mpokeaji tu), ambako WhatsApp wanako tangu 2016, hakusaidii kitu iwapo msikilizaji ni mwanachama.

Kwa hiyo ligawanyeni. Taarifa za umma (tarehe ya kikao, nakala ya bajeti, picha ya mtaro uliobomoka) zipelekeni kwenye Chaneli ya WhatsApp. Huko wafuasi hawaonani nambari, na nambari ya admini haionekani kwa wafuasi. Chaneli haijafumbwa mwisho hadi mwisho, lakini hamna siri ya kuandika humo. Kazi ya ndani, ile ya watu kumi au kumi na wawili wanaoamua nani aende wapi, ihamieni Signal, programu nyingine ya ujumbe.

Ukishafungua Signal, ingia Mipangilio, Faragha, Nambari ya simu. Maswali ni mawili, nani anaweza kuiona na nani anaweza kunitafuta kwayo, na jibu lenu kote ni "Hakuna". Kisha tengeneza jina la mtumiaji. Litamalizikia kwa tarakimu, usishangae. Washa kufuli ya usajili pia, kwa sababu bila hiyo, atakayeipata laini yako kwa kubadilishiwa kadi anaweza kuisajili Signal upya kwa jina lako. Ujumbe unaojifuta uweke wiki moja. Saa moja ni kujisumbua, watu wataanza kupiga picha za skrini ili wasisahau, na hapo mmerudi nyuma.

Mahakama za Marekani zimewahi kuwadai Signal taarifa za watumiaji, na walichokuwa nacho cha kutoa ni tarehe akaunti ilipofunguliwa na siku ya mwisho kuunganishwa. Ndiyo sababu naipendekeza kuliko Telegram, ambayo vijana wengi hapa wanadhani ni ya siri. Makundi ya Telegram hayajafumbwa mwisho hadi mwisho hata kidogo. Kilichofumbwa ni gumzo la siri la watu wawili, na lazima ulianzishe kwa makusudi. Tena tangu Septemba 2024, mwezi mmoja baada ya mwanzilishi wake Durov kukamatwa Ufaransa, masharti yao yanasema wazi kwamba watatoa anwani ya IP na nambari ya simu wakipata agizo halali.

Kundi la zamani mkilibakiza, badilisheni kiungo cha kujiunga leo. Cha zamani kinakufa papo hapo.

---

karani_wa_wadi

Asanteni, hilo la Chaneli hatukuliwazia kabisa. Swali jingine: simu ikichukuliwa? Mtu amekamatwa kwenye maandamano, simu inakaa kituoni siku tatu, kisha inarudishwa. Hapo Signal inasaidia nini?

---

spana_luthuli

Hapo Signal ni kufuli ya mlango wa ndani, na wa nje umeuacha wazi.

Simu ya Android iliyotoka kiwandani na Android 10 au zaidi lazima iwe imefumba hifadhi yake, hata zile za bei ya chini. Lakini ufumbaji huo una hali mbili. Simu iliyozimwa ikawashwa, kabla hujaweka PIN kwa mara ya kwanza, funguo zake bado zimefungwa. Ukishaifungua mara moja, funguo zinabaki kwenye kumbukumbu hata skrini ikiwa imejifunga. Mashine za kuchimbua simu hupenda hali hiyo ya pili. Kwa hiyo ukiona mambo yanaharibika barabarani, izime kabisa. Kufunga skrini hakutoshi. Ina faida nyingine: ikiwashwa tena haikubali kidole mpaka PIN iwekwe, na kidole chako mtu anaweza kukishika kwa nguvu.

PIN ya tarakimu nne itupe. Sita ni afadhali, na neno la herufi kumi na mbili ni bora zaidi. Mchoro wa kuunganisha nukta usiutumie: ule mkwaruzo wa mafuta ya vidole kwenye kioo unasomeka ukiinamisha simu kwenye mwanga wa dirisha.

Kadi ya SIM nayo ina PIN yake na watu wanaisahau. Laini yako ikitolewa ikawekwa kwenye kabambe, ujumbe wa kuthibitisha WhatsApp, benki na barua pepe utaingia huko. Mipangilio, Usalama, Kufunga SIM kadi. PIN ya mwanzo imeandikwa kwenye ile plastiki uliyouziwa laini. Tahadhari: ukikosea mara tatu itadai PUK (nambari ya kuifungulia kadi), na PUK ukiikosea mara kumi kadi imekufa. Kisha weka uthibitishaji wa hatua mbili wa WhatsApp, tarakimu sita, na barua pepe ya kuirudisha. Kwa kubadilishiwa laini bila ridhaa, wa Safaricom wanaweza kupiga *100*100# na kuifunga ili ibadilishwe tu wakiwa dukani wenyewe.

Nakala rudufu. Hili linawaumiza wengi. Mazungumzo ya WhatsApp yamefumbwa njiani, lakini nakala inayokwenda Google Drive haijafumbwa mpaka uiwashe mwenyewe: Mipangilio, Gumzo, Nakala rudufu, kisha ile sehemu ya kufumba mwisho hadi mwisho. Utachagua nenosiri au ufunguo wa tarakimu 64. Ukiupoteza hakuna wa kukusaidia, hata WhatsApp wenyewe, basi uandike karatasini na uuweke mahali salama, si kwenye pochi.

Na simu ikirudi? Usiiwashe ukaendelea kuchati kama kwamba ilikuwa kwa fundi. Mwaka 2025 Citizen Lab, maabara ya Chuo Kikuu cha Toronto, ilichunguza simu za watengenezaji filamu waliokamatwa hapa Nairobi ikakuta programu ya ujasusi ya FlexiSPY imewekwa zilipokuwa mikononi mwa polisi. Hiyo si teknolojia ya mamilioni ya dola. Inauzwa mtandaoni, na anayeweka anahitaji tu kuishika simu ikiwa imefunguliwa, dakika chache. Ikishaingia inasoma Signal vilevile, kwa sababu inasoma kile macho yako yanachosoma.

Pa kuangalia: programu zenye ruhusa ya Ufikivu (Accessibility), programu za usimamizi wa kifaa, orodha ya programu zilizoruhusiwa kusakinisha nyingine kutoka nje ya Play Store, na kama Play Protect, kinga ya Google dhidi ya programu hatari, imezimwa. Jina litakuwa la kujificha, kitu kama "Huduma ya Mfumo" au "Sync". Kisha kwenye WhatsApp na Signal fungua Vifaa vilivyounganishwa na utoe vyote usivyovitambua. Nenosiri la Google nalo libadilishe, kutoka simu nyingine inapowezekana.

Sasa, kabla hujaifuta na kuirudisha hali ya kiwandani, amua kitu kimoja. Je, mtataka ushahidi? Kufuta kunaua programu ya ujasusi pamoja na alama zake. Kama kesi inanukia, izime, iweke kando, na uwaandikie shirika la Access Now, wana nambari ya msaada ya saa 24 kwa mashirika ya kiraia na waandishi wa habari. Kama hamna haja ya ushahidi, futa, sasisha, anza upya.

Kuhusu umri wa simu: Mipangilio, Kuhusu simu, toleo la Android, tazama tarehe ya sasisho la usalama. Ikiwa ni ya miaka mitatu nyuma, matundu yanayojulikana duniani kote yako wazi humo. Ningeifanya simu hiyo iwe ya M-Pesa na kupiga tu, na kazi ya kundi ifanywe na mwanachama mwenye simu inayopata masasisho.

---

wakili_mdogo

Upande wa sheria, kwa ufupi maana spana amechukua nafasi yote. (Natania.)

Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha, na aya (d) inataja mawasiliano waziwazi. Kutega mawasiliano kunahitaji amri ya mahakama, iwe ni chini ya sheria ya ugaidi ya 2012 au ya makosa ya mtandao ya 2018. Kuipekua simu vilevile kunahitaji kibali, kifungu cha 48 cha hiyo ya 2018. Aliyekamatwa ana haki ya kunyamaza na hawezi kulazimishwa kukiri, Ibara ya 49(1)(b) na (d). Kwa hiyo ukiulizwa PIN bila kibali, jibu ni: "Afande, sijakubali simu ipekuliwe, naomba wakili wangu awepo." Basi. Usibishane. Usiivunje simu wala kuimeza kadi, kuharibu ushahidi ni kosa jipya. Dai iandikwe kwenye orodha ya vilivyochukuliwa ikiwa na IMEI, na ikiwa ilikuwa imezimwa hilo nalo liandikwe. Ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki unaweza kukataliwa, Ibara ya 50(4), lakini lazima kuwe na kumbukumbu ya jinsi ulivyopatikana.

Sasa nawageukia nyinyi. Fomu ya Google yenye majina na nambari za vitambulisho inawafanya wasimamizi wa data chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kundi dogo lina msamaha wa kujisajili kwa Kamishna wa Data, ila msamaha huo hauwahusu wanaotafuta uungaji mkono wa kisiasa kwa wapiga kura, kwa hiyo jihadharini ombi lisigeuke kampeni ya mtu. Mwanachama akiomba kuona mlicho nacho kumhusu, mna siku 7, bila malipo. Akiomba kifutwe, siku 14. Orodha ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, Kamishna ajulishwe ndani ya saa 72. Na si vitisho vya karatasi: Septemba 2023 shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila ridhaa ya wazazi.

Ombi kwa bunge la kaunti linahitaji jina, kitambulisho na sahihi. Halihitaji lahajedwali inayoelea. Tumieni karatasi. Kila wadi daftari moja, mtu mmoja wa kulitunza.

---

fundi_minara

Naunga mkono karatasi. Mkiing'ang'ania fomu, fungueni ile lahajedwali ya majibu, bonyezeni Shiriki, mhakikishe haijasomeka "mtu yeyote aliye na kiungo". Ondoeni safu ya simu kwa wote ambao hamtawapigia.

Nimesahau jambo moja kuhusu VPN: isakinisheni kabla. Tarehe 25 Juni 2024 intaneti ilitetereka nchi nzima jioni ile, na 25 Juni 2025 Telegram ilizuiwa, kama ilivyozuiwa wakati wa KCSE Novemba 2023 na 2024. Programu moja ikizuiwa, VPN au Orbot (programu ya kupitia mtandao wa Tor) inapita. Kebo ikikatwa, hakuna VPN ya kukuvusha, hapo mnabaki na SMS na kupiga simu, na SMS haijafumbwa kabisa. Kubalianeni mapema maneno machache tu ya kutumia: "nimefika", "niko salama", na mahali pa kukutana.

---

Mwenye_Kioski

Hakuna aliyegusa M-Pesa, na hapo ndipo palipo na orodha nzuri kuliko zote. Kila aliyechangia shilingi hamsini yuko kwenye taarifa ya admini: jina, nambari, tarehe, saa. Sheria ya kuzuia utakatishaji fedha inadai rekodi za miamala zitunzwe angalau miaka 7. Kufuta ujumbe kwenye simu hakugusi kitu huko.

Kama kundi limesajiliwa, fungueni akaunti ya benki ya kundi yenye sahihi tatu na nambari ya Paybill. Rekodi itabaki, lakini haitakuwa kwenye simu ya mtu mmoja, na admini akikamatwa hatapaswa kueleza kwa nini watu mia mbili wanamtumia hela. Kama halijasajiliwa, mchango upite kwa wawakilishi wa wadi kwa fedha taslimu na risiti ya kitabu chenye nakala mbili za kaboni, kile cha pale River Road. Nakala ya kaboni abaki nayo mweka hazina. Na kile kipande cha maelezo wakati wa kutuma, mnachoandika "mchango wa maandamano", kiacheni tupu.

---

karani_wa_wadi

Sawa. Kiungo kimebadilishwa, fomu imefungwa, *106# imeonyesha laini mbili, moja haijulikani. Hiyo ya pili inafutwaje?

---

Mwenye_Kioski

Nenda duka la huduma la mtandao husika na kitambulisho halisi, si kwa wakala. Waambie hiyo laini si yako, iondolewe. Usitoke bila nambari ya kumbukumbu ya malalamiko. Subiri siku kadhaa, kisha piga *106# tena. Ikiwa bado ipo, waandikie barua pepe ukitaja ile nambari ya kumbukumbu, na hiyo barua ndiyo utakayoambatisha ukienda kwa Kamishna wa Data, ambaye ana siku 90 za kuamua.